Betri Iliyovuja Ndani ya Kompyuta ya Marehemu Baba

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu vyombo vya umeme vya nyumbani na ofisini. Safari hii tumepokea barua tatu, moja kutoka Moshi na mbili kutoka Arusha, zote zikihusu betri iliyovuja ndani ya kompyuta ya zamani. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu mengi yanayohitajika katika nyingine mbili yamo humo.

SWALI

Ndugu Fundi, pokea salamu kutoka Kibosho. Mimi ni mwalimu mstaafu. Marehemu baba yetu alikuwa mhasibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na alipostaafu mwaka 1999 aliruhusiwa kuinunua kompyuta aliyokuwa akiitumia ofisini, aina ya 386, iliyofika kwao mwaka 1993. Nyumbani aliitumia kuandika historia ya ukoo wetu pamoja na maelezo ya mipaka ya kihamba, yaani shamba letu la familia, jambo alilolifanya kwa miaka kadhaa bila kuchapisha hata ukurasa mmoja. Baada ya kufariki kwake mwaka 2006 mashine iliwekwa stoo. Krismasi iliyopita, tulipokutana nyumbani familia nzima, tuliifungua na kukuta betri ndogo ya buluu yenye umbo la pipa imetoa unga mweupe, na bodi inayoizunguka imeota ukungu wa kijani. Mjukuu wangu anataka tuichomeke kwenye umeme ili tuone kama itawaka. Fundi mmoja mjini ametuambia kwamba hiyo ni takataka. Mwingine ameshauri tuioshe kwa bikaboneti ya soda, kama wafanyavyo kwenye vichwa vya betri za magari. Tumsikilize nani?

Mwalimu Mstaafu, Kibosho, Moshi

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Katika hao watatu, kila mmoja ana sababu yake, lakini nakusihi usimfuate hata mmoja. Zaidi ya yote, mzuie mjukuu. Majimaji yaliyotoka kwenye betri hiyo hupitisha umeme, na yakiwa yametanda kati ya njia za shaba ambazo upana wake ni chini ya milimita moja, umeme wa volti 5 ukipita hapo utaharakisha ulaji wa shaba na unaweza kuunguza chipu ambazo hadi leo ni nzima. Kompyuta iliyokaa stoo kwa miaka mingi haitapoteza kitu ikisubiri wiki mbili zaidi, mradi betri iwe imetolewa. Betri ndiyo isiyopaswa kusubiri hata siku moja, kwa sababu kuvuja kwake hakutegemei kuwashwa kwa mashine: inaendelea kuila bodi humo humo kwenye giza la stoo. Chukua koleo la kukatia nyaya, ukate miguu yake miwili karibu kabisa na pipa lenyewe. Usiipinde wala usiivute, kwa maana shaba iliyokwisha kuliwa hung'oka pamoja nayo, na hapo utakuwa umeongeza jeraha.

Sasa nieleze ni kitu gani kilichovuja, kwa kuwa hapo ndipo penye jibu la bikaboneti. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimiamu, aina iliyobuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899. Ndani ya hilo pipa mna seli tatu za volti 1.2 kila moja, jumla volti 3.6. Kazi yake ni kuilisha saa ya kompyuta pamoja na kumbukumbu ndogo inayohifadhi maelezo ya diski na disketi wakati umeme umezimwa, nayo huchajiwa na bodi yenyewe kila mashine inapowaka. Mashine isipowashwa kwa miaka, betri huisha kabisa, viziba vyake huchoka, na majimaji yake hutambaa kwenda nje, hasa kwa kufuata mguu wa hasi. Majimaji hayo ni haidroksaidi ya potasiamu. Watu wengi huyaita asidi ya betri, na jina hilo ndilo linalowapoteza, kwa sababu haidroksaidi ya potasiamu ni besi kali, yaani iko upande wa magadi na maji ya jivu. Ukiigusa kwa bahati mbaya utaona inateleza vidoleni kama sabuni, na ukiona hivyo nawa upesi kwa maji mengi.

Betri ya gari ina asidi ya salfuriki. Bikaboneti, ambayo ni besi dhaifu, huikata makali asidi hiyo, kwa hiyo fundi wako wa pili alisema kweli kuhusu magari. Lakini kuweka besi juu ya besi ni kuongeza magadi kwenye chungu ambacho tayari kina magadi. Kinachoikata haidroksaidi ni asidi dhaifu, na iliyo karibu nasi ni siki nyeupe ya dukani yenye nguvu ya takriban asilimia 5. Ndimu pia hufanya kazi, ila huacha sukari na nyama zake kwenye matundu ya bodi, kwa hiyo ukiipata siki usihangaike na ndimu. Ule unga mweupe uliouona ni haidroksaidi iliyokutana na hewa ya kaboni dioksidi ikawa kaboneti. Ukiudondoshea siki utatoa povu, na povu likikoma ujue mahali hapo pameanza kutulia. Ule ukungu wa kijani ni shaba yenyewe iliyogeuka chumvi.

Hata hivyo, Mwalimu, kabla ya bodi nataka tuzungumze kuhusu diski, kwa kuwa nimeisoma barua yako mara mbili na naona unachokitafuta ni maandishi ya mzee zaidi ya mashine. Habari njema ni kwamba maandishi hayo hayamo kwenye bodi iliyoharibika. Yamo kwenye diski kuu, kisanduku cha chuma kilichofungwa peke yake, ambacho kwa kawaida hukaa mbali na betri. Kifungue skrubu zake, chomoa utepe mpana wa nyaya na plagi ya umeme yenye nyaya nne, kisha kiweke mahali pakavu. Kabla ya kukiweka, nakili kwenye daftari namba zote zilizo kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, hasa idadi ya silinda, vichwa na sekta, yaani namna diski ilivyogawanywa. Kumbukumbu iliyokuwa ikizihifadhi namba hizo ilikufa pamoja na betri, na kompyuta haitaitambua diski mpaka uiingizie upya.

Diski hiyo ikiwa ina utepe wa pini 40, kama zilivyokuwa nyingi za mwaka 1993, unaweza kutengeneza nakala yake bila kuigusa bodi ya mzee kabisa. Wengi watakuuzia kifaa kidogo cha kuunganisha diski za namna hiyo kwenye tundu la yuesibii. Vifaa hivyo ni vizuri kwa diski za miaka ya 2000, lakini vingi havizielewi diski za zamani zinazohesabiwa kwa silinda na vichwa, na mtu akiona diski haionekani hudhani imekufa. Usikubali hukumu hiyo haraka. Tafuta kompyuta ya mezani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo bodi yake ina soketi ya pini 40. Mashine za namna hiyo bado zimo kwenye ofisi na shule nyingi za Moshi zikikusanya vumbi. Ifunge diski humo, ingiza zile namba ulizonakili, kisha utengeneze nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kabla ya kufungua faili hata moja. Ikiwa mzee aliandika kwa programu ya WordPerfect, iliyokuwa imeenea sana maofisini enzi hizo, faili zake hufunguka hadi leo kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure. Diski ikikataa kuzunguka, usiifungue kifuniko chake kwa namna yoyote, maana chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani.

Maandishi yakiwa salama, unaweza kuirudia bodi kwa moyo uliotulia. Na nakuomba uirudie. Kuanzia mwaka 1974 serikali yetu ilizuia uagizaji wa kompyuta bila kibali, na masharti hayo yalilegezwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikihesabu kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro mwaka 1993 ni miongoni mwa chache za mwanzo mwanzo kufika vijijini kwetu. Yule fundi aliyeiita takataka aliangalia thamani yake sokoni, na sokoni kweli haina thamani kubwa.

Anza kwa picha. Piga picha za bodi yote kabla hujaigusa, pande mbili, kwa mwanga wa mchana, kisha upige za karibu karibu za eneo lililooza. Baadhi ya njia za shaba zitapotea wakati wa kusafisha, na picha hizo ndizo zitakazokuambia zilikuwa zikielekea wapi. Ondoa kadi zote, kumbukumbu, na chipu zozote zinazokaa kwenye soketi, ukiandika kila kitu kilikuwa kimekaa wapi na kimeelekea upande gani. Vaa glavu za mpira, ufanye kazi barazani penye hewa, na vyombo utakavyovitumia visirudi jikoni, kwa kuwa kadimiamu ni sumu inayobaki mwilini kwa miaka mingi. Betri yenyewe ifunge ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Usiichome moto, na nakusihi sana usiitupe kwenye shimo la nyuma ya nyumba kati ya migomba na kahawa. Mimea huivuta kadimiamu kutoka kwenye udongo, na kihamba ambacho mzee alikuwa akiandika mipaka yake hakistahili kulishwa sumu iliyotoka kwenye mashine yake. Ihifadhi mpaka umpate mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali.

Paka siki kwa mswaki laini mahali palipooza na sentimita kadhaa kuzunguka, kwa sababu majimaji hutambaa chini ya ile rangi ya kijani ya bodi na kufika mbali kuliko jicho linavyoona. Sugua taratibu, acha dakika 5 hadi 10, rudia mpaka povu likome. Usiiache siki ilale hapo usiku kucha, maana nayo ni asidi na ina njia yake ya kuila shaba. Kisha suuza kwa maji mengi, na suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyokenekwa, kwa sababu maji yetu ya bomba huacha madini yakikauka. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, lakini soma chupa vizuri: yapo ya kuongezea, ambayo ni maji matupu, na ipo asidi ya kujazia betri mpya, ambayo ukiimwaga juu ya bodi utakuwa umeimaliza. Baada ya maji, pitisha spiriti ya isopropili, ambayo husaidia kuyasukuma maji yaliyojificha chini ya chipu, halafu iache bodi kivulini penye upepo kwa siku mbili. Jua kali la Moshi la saa saba si rafiki wa soketi za plastiki.

Hapa sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba bodi iliyong'aa imepona. Bodi inaweza kuwa safi kama sahani na bado njia zake tano zikawa zimekatika. Washa taa kali, chukua miwani ya kukuzia, na utazame kila njia ya shaba inayopita eneo lile. Palipo na rangi nyeusi au kijani cheusi chini ya rangi ya bodi, shaba imeguswa. Kwangua rangi ya juu kwa ncha ya kisu kidogo au kwa kalamu ya nyuzi za kioo, mpaka uone shaba inayong'aa pande zote mbili za jeraha. Usiposafisha mpaka kwenye shaba nzima, kutu iliyobaki chini itaendelea, na miezi sita baadaye utarudi pale pale.

Kisha shika mita, uiweke kwenye mlio wa kupima mwendelezo (hulia njia ikiwa haijakatika), na upime kila njia kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, yaani kutoka mguu wa chipu hadi mguu wa chipu, wala si kutoka kipande cha shaba hadi kipande cha jirani. Yapime pia yale matundu madogo yanayovusha umeme kutoka upande wa juu wa bodi kwenda wa chini. Kuta zake za ndani ni nyembamba kuliko njia zenyewe, kwa hiyo ndizo huliwa mapema, na kwa macho hazionekani. Kwa kila njia iliyokatika, andika kwenye daftari: inatoka wapi, inakwenda wapi, imeunganishwa au bado. Kazi hii huchosha, na siwezi kukuficha kwamba huchukua jioni kadhaa, lakini ndiyo inayotofautisha ukarabati na kubahatisha.

Kuunganisha njia iliyokatika kunahitaji waya mwembamba wa milimita 0.2 hadi 0.3. Ukikosa madukani, mwombe fundi wa kusuka mota akupe mabaki ya waya wake, kwa kuwa waya huo una varnishi inayouzuia kugusana na majirani. Kwangua varnishi kwenye ncha tu, paka flaksi (dawa inayoisaidia risasi kushika), weka risasi kidogo kwenye shaba na kidogo kwenye waya, halafu vikutanishe. Risasi ya zamani iliyoguswa na majimaji ya betri huwa ya kijivu na haiyeyuki hata ukiikandamiza kwa pasi ya kulehemu. Usiendelee kuikandamiza, maana utang'oa duara la shaba. Ongeza risasi mpya na flaksi juu yake, nayo italainika yenyewe. Ukimaliza, funika sehemu zilizokwanguliwa kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo hukauka ngumu na huzuia hewa.

Kwenye bodi za aina ya 386, betri huwa jirani na soketi ya kibodi pamoja na chipu inayoisimamia, na mara nyingi jirani na saa. Kwa hiyo kagua kwa makini ile fuwele ndogo yenye umbo la kopo jembamba la fedha. Hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa huigawa idadi hiyo kwa mbili mara kumi na tano ili kupata sekunde moja. Miguu yake ni myembamba kama unywele na huoza mapema. Kagua pia ndani ya nafasi za kadi zilizo karibu, kwani pini zake hugeuka kijani kwa ndani ilhali plastiki ya nje ni safi.

Kabla ya kuwasha, mambo matatu. Hakikisha swichi ya nyuma ya pawasaplai iko kwenye 230, si 115. Pima ukinzani kati ya waya mwekundu na mweusi kwenye bodi: ukisoma karibu na sifuri, ipo shoti, na mara nyingi huwa ni zile kapasita ndogo za tantalumu zenye umbo la tone la maji. Na plagi mbili zinazoipa bodi umeme zichomekwe nyaya nyeusi zikutane katikati. Mafundi wa zamani walilikariri hili kama sala, kwa sababu ukizigeuza bodi huungua papo hapo.

Betri mpya isirudi kwenye bodi. Tumia kishikizo cha betri tatu ndogo za AA, kikiwa mwisho wa waya, nje ya sanduku au chini kabisa mahali ambapo zikivuja hazitadondokea kitu. Kwenye waya wa chanya weka dayodi moja, aina ya 1N4148 inatosha, upande wenye mstari ukielekea kwenye bodi. Dayodi hiyo huzuia bodi isizichaji betri ambazo hazikuumbwa kuchajiwa. Bila hiyo zitavimba na kupasuka, na safari yote hii itaanza upya. Zibadilishe kila mwaka, hata kama saa bado inakwenda sawasawa.

Kama ukipima ukakuta njia zilizokatika ni zaidi ya thelathini, au tabaka za ndani za bodi nazo zimeguswa, tafuta bodi nyingine ya aina hiyo na uihamishie sanduku, kadi na diski ya mzee. Hilo nalo ni ukarabati.

SWALI

Mimi ni mkazi wa Sakina, Arusha. Ninayo Macintosh SE/30 niliyopewa na mwajiri wangu wa zamani. Betri yake fupi imepasuka, na chuma cha ndani kimeshika kutu nyekundu. Nimesikia kwamba dawa ya betri iliyovuja ni siki. Je, niitumie?

JIBU

Hapana ndugu yangu, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kumwaga. Mashine yako, ambayo iliuzwa kati ya mwaka 1989 na 1991, ilitumia betri ya lithiamu ya volti 3.6 yenye nusu ya urefu wa AA. Majimaji yake yakikutana na unyevu wa hewa hutengeneza asidi ya haidrokloriki, ndiyo maana unaona kutu ya chuma badala ya ule unga mweupe wa Kibosho. Kwako wewe sasa bikaboneti ndiyo dawa: kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji, kisha maji yaliyokenekwa, kisha spiriti. Ukiwa na shaka yoyote, omba vipande viwili vya karatasi ya litmasi kwenye maabara ya shule iliyo jirani, uvilowanishe, uguse palipooza. Nyekundu ikigeuka buluu hiyo ni besi, tumia siki. Buluu ikigeuka nyekundu hiyo ni asidi, tumia bikaboneti.

Ukiwa humo, zitazame pia kapasita ndogo za kopo zilizo juu ya bodi. Katika mashine hiyo nazo huvuja, na wengi huilaumu betri kwa makosa ya kapasita. Usiitoe bodi, hata hivyo, kabla ya kumwita fundi aliyewahi kutengeneza televisheni za kichogo. Kioo cha mashine yako ni cha aina ile ile, na hubaki na maelfu ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

SWALI

Ninasomea ufundi wa umeme hapa Arusha. Nimesafisha bodi ya 486 kwa siki, imewaka na inaonyesha picha, lakini kila mara inalalamika kwamba kibodi haipo. Kibodi nimeijaribu kwenye mashine nyingine, ni nzima. Nianzie wapi?

JIBU

Anzia kwenye soketi yenyewe, ile ya mviringo yenye pini tano. Pini hazikupangwa kwa mfuatano: ukizifuata kwenye upinde utakuta 1, 4, 2, 5, 3. Ya 1 ni mapigo ya saa, ya 2 ni data, ya 4 ni hasi, ya 5 ni volti 5, na ya 3 haina kazi. Mashine ikiwa imewashwa, pima kati ya 4 na 5. Usipopata volti 5, fuata njia ya pini ya 5 mpaka ukutane na fyuzi ndogo au koili inayofanana na rezista, ambayo betri huipenda sana kwa kuwa iko jirani yake.

Volti zikiwapo, zima mashine na urudi kwenye mlio wa mita. Chipu ya kibodi ya pini 40, ya jamii ya 8042, husikiliza mapigo ya saa kwa mguu wa 1 na data kwa mguu wa 39. Pima kutoka pini ya 1 ya soketi hadi mguu wa 1 wa chipu, na kutoka pini ya 2 hadi mguu wa 39. Kwenye bodi nyingine njia hizo hupitia kwanza koili au rezista ndogo, basi pima pande zote mbili za kila kipande kilichopo njiani. Zikiwa nzima, ing'oe chipu kutoka kwenye soketi yake kwa bisibisi bapa, ukiinyanyua kidogo kidogo upande huu na upande ule, na utazame chini yake. Mara nyingi nimekuta miguu ya chipu inang'aa kabisa huku ndimi za soketi zimejaa kijani kwa ndani, na hapo hakuna namna ila kuitoa soketi hiyo na kulehemu mpya.